Kufuli la Chumba cha Udhu

Nilikwenda Guangzhou, China, kwa sababu ya macho. Mama wa watoto wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nyumba yetu ya Unguja imebaki na mimi na redio, na mtoto wa jicho alikuwa amenifikisha mahali pa kusoma Qur'ani kwa moyo tu, kwa kuwa msahafu wenyewe siuoni. Mwanangu wa pili alikuwa akinunua viatu vya jumla Barabara ya Zhanxi na kuvisafirisha nyumbani. Akasema, "Baba, njoo huku wakutengeneze macho, kisha utarudi." Macho yalitengenezwa, alhamdulillah, jicho moja baada ya jingine. Lakini kurudi kulichukua miaka mitatu, maana watu wetu wa kule waliponiona nasoma waliniomba niwasalishe.

Mahali petu pa kusali palikuwa ghorofa ya nne ya jengo kuukuu nyuma ya Zhanxi, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Ijumaa tulikwenda msikiti mkubwa wa mjini. Siku nyingine wafanyabiashara hawakuweza kuacha maduka wakaenda mbali, ndiyo maana wakapanga nyumba ile. Sebule iliwekwa zulia. Jiko liligeuzwa chumba cha udhu: bomba nne ukutani, na chini yake mfereji wa vigae wa kupeleka maji kwenye tundu. Fundi aliyezifunga aliuliza mara tatu kama kweli tunataka bomba zikae usawa wa magoti. Mwanangu akamfafanulia kwa vitendo, akainua mguu na kuupitisha chini ya bomba lisilo na maji. Fundi akacheka mpaka akakaa kitako. Baadaye alileta wenzake wawili waje kuona.

Jumapili baada ya alasiri niliwapa darsa. Vijana wa vyuo walikuja, wafanyabiashara waliofunga mapema walikuja, na alikuja binti mmoja Mkristo kutoka Mbeya aliyekuwa akisomea uhandisi wa maji. Alikaa nyuma na wanawake wenzake, kitambaa kichwani, daftari gotini. Alikuja mara ya kwanza kwa sababu ya masomo yake: alisikia kwamba mzee mmoja wa Kizanzibari anajua habari za maji ya miji ya kale ya Kiislamu. Nilizijua kweli. Mwalimu wangu alinifundisha historia pamoja na fiqhi, na katika historia nilipenda sana kuta na maji kuliko vita.

Kwa hiyo miezi kadhaa darsa zangu zilikuwa za kuta na maji. Niliwaeleza Baghdad ilivyojengwa duara, milango minne, kasri na msikiti katikati, na soko likaja kutolewa nje ya ukuta kwa sababu mtawala hakutaka kila muuza mboga apite karibu na mlango wake. Niliwaeleza Fez, mto ulivyogawanywa vijito vidogo vidogo, kila msikiti na kila hamamu na fungu lake, na wapo watu ambao kazi yao ilikuwa kujua fungu la nani ni lipi. Niliwaeleza ngome ya Kairo juu ya kilima, na kisima kilichochongwa ndani ya mwamba, kirefu hata ng'ombe wa kuzungusha magurudumu ilibidi washushwe mpaka katikati yake. Niliwaeleza na kwetu: birika la pembe nane nililoliona kwa macho yangu katika magofu ya Kilwa, kwenye kasri lililosimama peke yake juu ya bahari, mbali na mji. Nikawaambia mtawala wa zamani alikuwa na njia mbili za kumwonyesha mtu kuwa yeye ni mtawala. Kwa ukuta alichagua nani aingie, na kwa maji alichagua nani akae.

Nilisema maneno hayo kwa raha. Nakumbuka nilivyoyapenda yalivyotoka.

Yule binti akainua mkono. "Mzee, na waliobaki nje ya ukuta walikunywa wapi?"

Nikamjibu kwamba swali lake ni zuri, na kwamba Uislamu uliwajibu watu hao kwa wakfu. Nikamweleza madirisha ya maji yaliyojengwa barabarani Kairo, mpita njia anapewa kikombe bure. Hakuridhika. Akauliza juu ya madirisha hayo kuliandikwa nini. Nikasema aya za Qur'ani, na jina la aliyejenga. Akaandika, akatikisa kichwa kidogo, nami nikahamia jambo jingine.

Miongoni mwa waliokaa kwenye darsa zile alikuwapo mtu mmoja wa Kigoma, umri wa miaka arobaini na kitu. Alikuja Guangzhou kununua vipuri vya redio, mambo yakaharibika, na viza yake ilikuwa imekwisha tangu masika. Walikuwapo wengi wa namna hiyo. Tulijuana bila kuulizana. Yeye alikuwa na sukari, na mkokoteni wa marobota ulikuwa umempita juu ya mguu pale Zhanxi, mahali ambapo mikokoteni haimngoji mtu. Kidonda kikagoma kupona. Hospitali aliiogopa kwa sababu ya pasipoti. Daktari mmoja Mkongo, aliyekuwa kule kama mfanyabiashara, alimwambia akioshe kidonda kila siku kwa maji safi mengi na sabuni, akikaushe, akifunge shashi mpya, wala asikiache siku hata moja, la sivyo mguu utakatwa. Alipolala, katika ghala la chini la wakala wa mizigo pamoja na Wakongo wanne, mchana hapakuwa na maji.

Basi kila siku saa nne asubuhi, wakati chumba chetu kiko kitupu, alipanda ghorofa nne taratibu. Mara nyingi nilikuwapo nikisoma. Alinisalimia, akaingia chumba cha udhu, akakaa kama nusu saa. Akimaliza alipangusa vigae kwa kitambaa chake mwenyewe, na shashi chafu alizifunga katika mfuko akashuka nazo. Kisha alikaa nami kidogo tukazungumza. Alikuwa mcheshi. Aliniambia kwamba mguu wake wa kulia sasa una heshima kuliko yeye, maana unaogeshwa kila siku na yeye anaoga Jumatano na Jumamosi.

Mambo yalianza kuharibika kwa kasha la viatu. Ghorofa ya tatu, chini yetu, palikuwa na stoo ya mama mmoja wa Kichina muuza viatu vya kiume. Asubuhi moja alipanda na kasha lililolowa mpaka karatasi imefumuka, akaliweka kizingitini kwetu. Aliniita laoban, neno ambalo kule maana yake ni tajiri au mkubwa wa mahali, akasema maneno mengi ambayo mwanangu alinifasiria: maji yanashuka kwake, viatu vinaota ukungu, sisi ndio tunaocheza na maji mara tano kwa siku. Siku ya pili akaja msimamizi wa jengo. Yeye alisema machache. Maji yakidondoka tena mwezi huu, tunahama.

Tulikutana Ijumaa. Hapo nilisikia jambo jingine lililokuwa limejificha. Kumbe si maji tu. Watu walikuwa wananung'unika juu ya mtu wa Kigoma. Mmoja alisema alikuta tone la damu kwenye vigae. Mwingine alisema harufu inabaki. Wa tatu, kwa upole kabisa, aliniuliza hukumu ya kuosha najisi mahali pa kutawadha watu. Nikawapa hukumu. Niliitoa kwa ukamilifu, na kauli za wanazuoni, kama vile hakuna mtu tunayemzungumzia. Kisha wakasema, "Sheikh, tufanye utakavyoamua wewe."

Niliamua chumba cha udhu kifungwe, kifunguliwe robo saa kabla ya kila sala na kufungwa mara tu baada yake. Kwa njia hiyo maji yatapungua, na jengo tutalilinda. Hayo ndiyo niliyoyasema. Kufuli nilikwenda kulinunua mwenyewe, kubwa, la shaba. Mwanangu aliponiona nalo alinitania, "Baba, hilo ni la benki." Ufunguo nilitia mfukoni mwa kanzu.

Kesho yake saa nne alipanda. Nilisikia miguu yake ngazini, mmoja kiatu, mwingine ndara. Akanisalimia, akaenda mpaka mlangoni, akalishika kufuli, akarudi.

"Sheikh, nimekuta pamefungwa."

"Pamefungwa, ndugu yangu. Tunafungua sala ikikaribia."

"Nina mguu."

"Najua. Njoo na wenzako adhuhuri."

Akacheka kidogo. "Adhuhuri wenzangu wataziba pua, nao wako safuni mbele ya Mungu. Sitaki kuwaharibia sala yao."

Hapo nilizungumza kirefu. Nilimweleza habari ya yule mama wa viatu na msimamizi wa jengo. Nilimweleza kuwa mahali hapa ni amana ya watu wengi na mimi si mwenye mali. Nilimweleza hata habari ya najisi, nikichagua maneno yasiyouma. Alinisikiliza kama anavyosikiliza Jumapili, kichwa kimeinama. Wakati wote huo ufunguo ulikuwa unagusa paja langu. Ilikuwa ni kuinuka tu, hatua sita.

"Haya, Sheikh," akasema. "Mahali ni pa wote." Akashuka.

Alikuja adhuhuri siku ile na ya pili yake. Alisimama wa mwisho, akawapisha wote, na alipofika bombani ikawa sala inakimiwa. Akamwaga maji mara mbili juu ya bandeji bila kuifungua, akaingia safuni. Siku ya tatu hakuja. Nilidhani amepata mahali pengine. Niseme kweli: nilifurahi kudhani hivyo.

Jumapili nikaendelea na kisima cha Kairo. Baada ya darsa wanawake walitaka maji, wakakuta kufuli. Yule binti wa Mbeya akalitazama, akasema, "Kumbe na sisi tuna ngome." Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikatoa ufunguo, nikafungua, nikasimama mlangoni kungoja wamalize. Sikuona lolote. Macho yangu yalikuwa yametimiza mwaka mzima tangu yatengenezwe, naona mpaka namba za treni kule chini, na sikuona lolote.

Kama siku kumi hivi tangu kufuli lifungwe, mama wa viatu akapanda tena. Mkononi kasha jingine, limelowa kuliko la kwanza. Alikuwa na hasira, akalionyesha kufuli, akauliza laoban anafunga nini kama maji bado yanashuka. Msimamizi wa jengo akaleta fundi. Ni yuleyule aliyetufungia bomba. Alibomoa ukuta wa stoo, akatia mkono, akatoa kipande cha bomba la chuma kilicholika kama biskuti. Lilikuwa bomba la jengo lenyewe, linaloshuka kutoka ghorofa ya tano. Halikupita kabisa kwenye chumba chetu. Mfereji wetu wa vigae, fundi alisema, haukuvuja hata tone moja; alijisifu kwa kazi yake.

Mama yule alikuwa muungwana. Jioni alipanda na jozi ya viatu vyeusi, akanipa kwa mikono miwili kunitaka radhi. Vilinitosha. Sijavivaa mpaka leo.

Saa ileile nilimwomba mwanangu anipeleke kwenye ghala la wakala wa mizigo. Palikuwa chini ya ardhi, marobota mpaka darini, na kati ya marobota magodoro manne. La tano lilikuwa limekunjwa. Mkongo mmoja aliyekuwa anashona gunia kwa sindano kubwa alituambia habari bila kuinua uso. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu. Alisema rafiki yao alikuwa hapati maji, basi akawa anakwenda vyoo vya stesheni kuosha mguu, asubuhi, katika beseni la kunawia. Wao walimkataza, stesheni imejaa polisi. Aliwajibu kwamba mguu hausomi viza. Siku nne zilizopita wasafiri walimlalamikia mfagiaji, mfagiaji akamwita polisi, polisi akataka pasipoti.

Nilimuuliza kama hakuwaambia kwa nini aliacha kuja kwetu.

"Alisema kwenu kuna matengenezo," yule Mkongo akajibu, akakata uzi kwa meno.

Nilirudi, nikalitoa kufuli. Tangu siku ile chumba kilikuwa wazi mchana kutwa. Saa nne ikifika nilikaa mahali pangu na msahafu, nikasikiliza ngazi. Walipanda wachukuzi, alipanda mama wa viatu kwenda juu kwa jamaa yake. Sauti ile ya kiatu na ndara haikupanda.

Tulijaribu kumtafuta alikowekwa. Mwanangu aliuliza huku na huku, kwa hadhari, maana kila aliyeuliza sana naye aliulizwa. Hatukufika popote. Kisha siku moja alikwenda Uwanja wa Ndege wa Baiyun kupeleka mzigo wa haraka, akamwona kwenye foleni ya abiria, katikati ya askari wawili. Mguu ulikuwa umefungwa mfuko wa plastiki mpaka gotini. Mwanangu alimkaribia kadiri alivyoachiwa. Yule bwana akamtambua, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kufika mbali, "Mwambie Sheikh aniombee dua." Basi, wakampitisha.

Niliomba. Naomba mpaka leo. Lakini nimesoma kiasi cha kutosha kujua kwamba haki ya mja haifutwi kwa dua ya aliyemdhulumu. Mwenyewe ndiye wa kusamehe. Na nimefundisha watoto, tangu nikiwa na ndevu nyeusi, kwamba miongoni mwa watu ambao Mola hatawatazama Siku ya Kiyama ni yule mwenye maji ya ziada njiani akamzuia msafiri. Hadithi hiyo niliifundisha kwa sauti nzuri, na kwa miaka yote hiyo nilimfikiria mtu huyo kuwa ni bedui fulani jangwani, kando ya kisima chake.

Darsa za kuta na maji niliziacha. Nikahamia fiqhi ya biashara, watu wakafurahi, ilikuwa inawafaa. Ni yule binti peke yake aliyeuliza. Alinikuta nikiwa nimekaa kwenye kipande cha ukuta wa zamani wa mji ule, kule bustanini kilimani, mizizi ya miti imeushika pande zote, na chini yake wazee wa Kichina wanafanya mazoezi ya mikono. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, waambie na wengine. Nao walikuwapo." Nikamjibu kwamba Muislamu hatakiwi kuifichua dhambi ambayo Mungu ameisitiri. Ni hukumu sahihi. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ya madirisha ya Kairo, akatikisa kichwa vilevile.

Miezi saba baadaye, nikiwa nimesharudi Unguja, mwanangu alinipatia namba ya simu ya Kigoma kupitia kwa yule Mkongo. Nilipiga mchana baada ya adhuhuri. Akapokea mwanamke, akasema yeye ni mke wake. Nikauliza hali. Akasema wanamshukuru Mungu, amefika, mguu wamekata hospitali ya Maweni, juu ya goti, sasa amelala, usiku hakulala kwa maumivu ya mguu usiokuwapo. Akauliza ni nani anayepiga.

Nikasema, "Nilikuwa nikisali naye Guangzhou."

"Ah, ni Sheikh!" Sauti yake ikachangamka. "Anakutaja sana, baba. Anasema kwenu ndiko alikopata maji mazuri. Anasema mwenye jengo asingewafungia, mguu ungepona."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa amenisitiri kwa Wakongo, akanisitiri mbele ya mwanangu na askari, na sasa nyumbani kwake, kwa mkewe, ambako hakuwa na sababu.

"Mama," nikasema, "si mwenye jengo. Kufuli nilitia mimi."

Nilisikia kuku, na mtu anatwanga mbali. Nikamwomba akiamka amwambie kwamba nimepiga, kwamba bomba halikuwa letu, na kwamba nangoja kauli yake, yoyote itakayokuwa. Akajibu, "Nitamwambia," sauti yake si ile ya mwanzo, akakata.

Mungu amenipa mengi: macho nikiwa mzee, watoto wanaonitazama, umri. Namshukuru asubuhi na jioni. Hukumu niliyompa yule binti kilimani bado naijua, lakini aliyekuwa na haki ya kunisitiri alikwisha kufanya hivyo, na kuendelea kujificha nyuma yake naona ni kumdhulumu mara ya pili; ndiyo maana nimeandika haya ili wale tuliosali pamoja ghorofa ya nne wajue kufuli lile lilifunga nini. Simu naiweka karibu na msala, sauti imeachwa juu, jambo ambalo nilikuwa nikiwakataza watu. Kigoma haijapiga.